Mlango wa Mbele Ufungukie Wapi? Mwongozo kwa Anayejenga Tanga

Swali hili hujibiwa kabla fremu haijachongwa. Fremu ya mbao huwa na ukingo uliokatwa, kina chake kama milimita 12, ambamo mlango hukaa ukifungwa. Ukingo ukiwa upande wa ndani ya nyumba, mlango utafungukia ndani. Ukiwa upande wa barazani, utafungukia nje. Fremu ikishasimamishwa, vyuma vyake vikashikwa na zege na plasta ikapita, kubadili mawazo ni kubomoa. Kwa hiyo karatasi yenye mchoro mdogo itangulie kwenda kwa seremala, ndipo tofali la kwanza la ukuta wa mbele lipande.

Kwa nyumba nyingi za Tanga, iwe Mikanjuni, Kange au Pongwe, jibu linalofaa ni hili: mlango wa mbao ufungukie ndani, grili ifungukie nje, na bawaba za vyote viwili zikae upande mmoja. Zipo nyumba ambazo jibu hili haliziingii, nazo tutazifikia.

Kwa nini mbao ndani na grili nje

Milango miwili haiwezi kufungukia upande mmoja bila kugombana, na grili ndiyo inayotakiwa kutangulia nje. Mchana mbao huachwa wazi hewa ipite korido nzima hadi uani, grili ikiwa imefungwa. Grili ikiwekwa ndani na mbao nje, kila ukitaka hewa itabidi uuachie mlango wa mbao barazani upigwe jua na mvua, na usiku utoke nje kwenda kuuvuta.

Sababu ya pili ni bawaba. Mlango unaofungukia ndani, bawaba zake ziko ndani, mwizi haoni hata pini. Unaofungukia nje huziweka bawaba mbele ya macho yake, na pini ya kawaida hung'olewa kwa nyundo na msumari. Grili huwa na bawaba za nje, kwa hiyo mwambie mchomeleaji azibe ncha za pini kwa nukta ya moto, au aweke kipande cha nondo upande wa bawaba kinachoingia kwenye tundu la fremu grili inapofungwa. Hapo hata pini ikitolewa, grili haitoki.

Mlango wa kufungukia ndani una udhaifu wake: ukipigwa teke, nguvu yote huishia pale ulimi wa kitasa unapoingia kwenye fremu. Skrubu za inchi moja zinazokuja na kitasa haziwezi kuhimili. Bati la kupokelea ulimi lifungwe kwa skrubu za milimita 75, zipite fremu zifike ukutani, na nyuma ya fremu mahali hapo pajazwe zege, pasiachwe uwazi. Seremala wengi huziba uwazi huo kwa plasta tu, na plasta hupasuka teke la kwanza.

Jengo likiwa la watu wengi, hesabu hubadilika. Nyumba ya familia watu hutoka mmoja mmoja. Chumba cha madrasa, darasa la tuisheni au ukumbi mdogo uliojengwa uani ni jambo jingine: watu wakikimbilia mlango kwa pamoja, wa nyuma huwasukuma wa mbele na mlango wa kufungukia ndani hauvutiki tena. Moto wa klabu ya Cocoanut Grove, Boston, Marekani, uliua watu 492 tarehe 28 Novemba 1942, na milango iliyofungukia ndani ilikuwa miongoni mwa sababu. Ukijenga chumba cha namna hiyo, mlango ufungukie nje, na kufuli lisiwepo wakati watu wako ndani.

Kwa nyumba ya kuishi, hatari ya moto ni grili yenye kufuli usiku. Ufunguo utundikwe ndani, mahali pamoja panapojulikana na kila mtu mzima, umbali wa mita mbili au zaidi kutoka kwenye grili ili mkono au fimbo kutoka nje isiufikie.

Pale ambapo grili haiwezi kutoka nje

Ngamiani zipo nyumba ambazo ukuta wa mbele unakaribia kabisa barabara. Grili ya milimita 800 ikifunguka pale, inakutana na mwenye baiskeli au mtoto anayetoka shule. Njia nzuri kuliko zote, kama bado unajenga, ni kurudisha mlango nyuma mita moja, upate kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta. Kama nyumba imeshasimama, weka grili ya kukunja inayoteleza kwenye reli, au grili ya vipande viwili, kila kimoja nusu ya upana, ambayo haitoki zaidi ya milimita 450.

Milango ya zamani ya kuchonga, ile iliyobaki Pangani na Bagamoyo, ilitatua jambo hili kwa vipande viwili vinavyofungukia ndani. Baraza la kukalia lilibaki huru, na njia pia. Haikuwa na bawaba: kila kipande kilizunguka kwa ncha za mbao zilizoingia kwenye matundu ya juu na chini. Ukibahatika kununua mlango wa namna hiyo, usijaribu kuugeuza ufungukie nje, kwa sababu ya mfaa. Ule mti wa katikati umepigiliwa kwenye kipande kimoja, nao hukifunika kingine kwa nje. Kipande kisicho na mfaa ndicho hutangulia kufunguka, na hufunga mwisho.

Kanuni hiyohiyo inatumika kwa mlango wa kisasa wa vipande viwili, kile kikubwa cha milimita 800 na kidogo cha 300. Ubao wa kuziba mwanya wa katikati, kwa mlango wa kufungukia ndani, upigiliwe upande wa nje na ukae kwenye kipande kidogo, ambacho hubaki kimefungwa kwa komeo la juu na la chini. Ukipigiliwa kwenye kipande kikubwa, kila siku utalazimika kufungua vyote viwili ndipo utoke.

Nafasi kati ya mbao na grili

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mlango wa mbao una unene wa milimita 40, grili kama 25, na mkono wa kitasa hutokeza milimita 50 hadi 60. Fremu ya inchi 4 (milimita 100) ikibeba vyote viwili, kinabaki kijinafasi cha milimita 35: mkono wa kitasa unagonga nondo, na mlango haufungi. Mafundi hukata nondo au kubadilisha kitasa kwa cha bei rahisi, na yote mawili ni hasara.

Agiza fremu ya inchi 6 (milimita 150), inayolingana na ukuta wa tofali la inchi 6. Mbao ikae ukingo wa ndani kabisa, grili ukingo wa nje kabisa. Hapo unapata milimita 85, mkono unapita. Faida ya pili: mlango uliokaa kwenye ukingo wa ukuta unaweza kufunguka zaidi ya nyuzi 90. Uliokaa katikati ya unene wa ukuta hukutana na kona ya plasta ukifika 90, na kila ukisukumwa zaidi, kona hiyo inageuka kuwa wenzo unaong'oa skrubu za bawaba.

Kufunguka zaidi ya 90 kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana. Fremu yenye upana wa milimita 900 kwa nje, yenye miimo ya milimita 50, inaacha uwazi wa 800. Mlango ukisimama nyuzi 90, unene wake unakula uwazi huo, hubaki kama 770. Pima usukani wa pikipiki yako kabla ya kuridhika na namba hiyo. Pima pia kabati na friji, na kumbuka kwamba ipo siku jeneza litapita hapo na watu wanne wamelishika.

Bawaba kushoto au kulia

Mafundi na wenye nyumba hupotezana kwa maneno haya mawili, kwa sababu kulia kwa aliye nje ni kushoto kwa aliye ndani. Kubalianeni kwamba mtu amesimama nje, anautazama mlango. Kuanzia hapa ndivyo tunavyosema.

La kwanza kuangalia ni sitara. Mgeni akipiga hodi, mlango hufunguliwa nusu kwanza. Mlango wa kufungukia ndani uliobebwa na bawaba za kushoto unaficha upande wa kushoto wa sebule, na jicho la mgeni linapelekwa kulia. Kwa hiyo bawaba ziwe upande ambao watu wa nyumba wamekaa, au ambao korido ya kwenda vyumbani inaanzia. Wachoraji wengi wa ramani hufanya kinyume: huulaza mlango kwenye ukuta wa karibu ili sebule yote ionekane. Kwa hoteli ni sawa. Kwa nyumba ya mtu, hasa ambapo kina mama hushinda ndani bila mtandio, sitara inastahili kushinda, mradi sebule ina upana wa mita 3.5 au zaidi na kiti cha kwanza kiko mita moja kutoka kwenye mlango.

Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili haina nafasi hiyo. Ukumbi wa mita 1.5 unataka mlango ulale ukutani. Usiiweke fremu katikati kabisa, maana itabaki milimita 300 kila upande na mlango hautalala wala hautasimama vizuri. Isogeze upande mmoja, uache milimita 100 hadi 150 kati ya fremu na ukuta, zinatosha mkono wa kitasa usikwaruze rangi. Kisha angalia mlango wa chumba cha kwanza: fremu yake ianze angalau mita moja kutoka ukuta wa mbele, la sivyo mlango mkubwa ukilazwa utakifunika chumba, na kama mlango wa chumba hicho unafungukia ukumbini, aliye ndani ataufungua ugonge mgongo wa ule mkubwa. Kama vyumba vimeshajengwa karibu mno, weka bawaba upande wa chumba kisichotumika sana.

La pili ni upepo, na huu unaihusu grili zaidi, hasa ikiwa imevikwa wavu wa mbu au bati. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba, na nusu ya kwanza ya kipindi hicho huja na mvua za masika. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipiga mlango wa mita 2 kwa 0.8 unausukuma kwa nguvu ya kama kilo 10. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nne, kama kilo 40, na hapo bawaba ndogo husalimu amri.

Kwa mlango wowote unaofungukia nje, bawaba zikae upande unakotoka upepo. Upepo ukija sambamba na ukuta, utaupiga mlango kwa uso wake wa nje na kuusukuma ufunge. Bawaba zikiwa upande wa pili, upepo unaingia kati ya mlango na ukuta, unaubamiza nyuma, na siku moja unaondoka nao. Nyumba ikitazama mashariki, kusi hutoka kushoto kwako unapoutazama mlango kutoka nje, basi bawaba kushoto. Nyumba ikitazama kaskazini, pepo zote mbili zina asili ya mashariki, nayo iko kushoto tena. Ikitazama kusini, mashariki iko kulia. Ikitazama magharibi, mlango umekingwa na nyumba yenyewe, upepo si hoja, fuata sitara.

Sitara ikisema kushoto na upepo ukasema kulia, usizitenganishe bawaba za mbao na za grili. Milango miwili inayofunguka pande tofauti humfanya mtu mwenye ndoo au mtoto mgongoni azunguke kama anayecheza, na huwezi kuishika grili kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Fuata sitara, kisha iwekee grili ndoano imara ukutani ya kuishikilia ikiwa wazi.

Swichi ya taa ikae upande wa kitasa, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye fremu, kimo cha mita 1.2 hadi 1.4. Waya hupitishwa kabla ya plasta, hivyo fundi umeme anapaswa kujua upande wa bawaba mapema. Hakikisha pia kwamba grili ikifunguliwa hadi ukutani haikifuniki kisanduku cha mita ya umeme.

Jaribu kwa chaki

Kabla ya kuagiza, weka msumari sakafuni mahali bawaba itakapokuwa, funga kamba ya urefu wa mlango (milimita 820 kwa fremu ya 900), na mwisho wake funga chaki. Chora robo ya duara upande wa ndani kwa ajili ya mbao, nyingine upande wa nje kwa ajili ya grili. Chochote kilichomo ndani ya mistari hiyo kitagongwa. Weka viti halisi. Weka viatu vya watu kumi pale vinapovuliwa. Mwite mtu asimame kwenye alama ya nje, naye avute grili ya kufikirika: akilazimika kurudi nyuma na kushuka ngazi, kibaraza ni kifupi. Kwa grili ya 800 kibaraza tambarare kiwe na kina cha mita 1.2 kabla ya ngazi ya kwanza. Ngazi iliyo chini ya grili inayofunguka ni mahali pa kuanguka, hasa kwa wazee.

Ukimaliza, piga picha ya michoro, na juu ya fremu yenyewe seremala aandike kwa penseli NDANI, NJE na BAWABA. Mwashi anayeisimamisha fremu huenda si yule aliyepewa maelezo.

Mvua na chumvi

Mlango wa kufungukia ndani una tatizo moja la kweli: maji yanayopigwa na kusi hutiririka usoni mwake, yafike chini, yaingie ndani. Wa kufungukia nje hulala juu ya kizingiti na kuyazuia. Ukichagua ndani, fanya mambo matatu pamoja. Paa au zege la juu ya mlango litokeze angalau milimita 600, na 900 kama nyumba inaikabili bahari. Kizingiti cha chini kiinamie nje kwa milimita 10. Na chini ya mlango, kwa nje, upigiliwe ubao mwembamba uliochongwa mteremko, wenye mfereji mdogo chini yake ili tone lidondoke badala ya kurudi nyuma. Moja likikosekana, mengine mawili hayatoshi.

Sakafu ya ndani iwe juu ya baraza. Acha milimita 10 hadi 12 chini ya mlango kama utatandika zulia au mkeka, na kumbuka kwamba marumaru na saruji yake vinaweza kupandisha sakafu milimita 20. Mlango uliopimwa kabla ya marumaru ndio huo unaokatwa chini baadaye na kubaki bila rangi kwenye mkato, maji yakaingia hapo.

Mbao iliyokauka vizuri, mninga, mkongo au mtiki wa Longuza kule Muheza, hubadilika kidogo masika. Acha milimita 3 juu na pembeni. Mbao mbichi huvimba na kusinyaa kiasi kwamba randa haitatoka nyumbani kwako. Paka rangi au vanishi pande zote sita, pamoja na kichwa na nyayo za mlango, maana huko ndiko maji huingilia na ndiko fundi husahau. Miguu ya fremu isifukiwe udongoni; mchwa hupanda kimya na hujulikana skrubu zikianza kulegea.

Mlango wa mninga usio na uwazi hupita kilo 40. Bawaba mbili hazitoshi. Tumia tatu za inchi 4: ya juu milimita 150 kutoka kichwani, ya chini 225 kutoka chini, na ya tatu milimita 300 chini ya ile ya juu, kwa sababu ya juu ndiyo inayovutwa. Karibu na bahari nunua bawaba za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316. Ya 304 itaanza madoa ya kutu mapema. Skrubu ziwe za chuma hichohicho. Bawaba nzuri yenye skrubu za chuma cha kawaida hubaki imeshikwa na kutu tupu.

Mlango uliokwishawekwa vibaya

Kuhamisha bawaba kutoka kushoto kwenda kulia, mlango ukibaki kufungukia ndani, ni kazi ya siku moja kwa seremala mzuri. Mashimo ya zamani ya bawaba na kitasa yazibwe kwa vipande vya mbao ileile na gundi, yapigwe randa, kisha mapya yachongwe kwa patasi. Usizibe kwa unga wa mbao na gundi peke yake mahali ambapo skrubu mpya zitapita. Mlango wenye paneli zilizochongwa upande mmoja tu hauwezi kupinduliwa juu chini ovyo. Angalia kwanza ubao wa kudondoshea maji uko wapi.

Kutoka ndani kwenda nje ni habari nyingine. Kama kizuizi cha fremu ni kipande kilichopigiliwa, hung'olewa na kupigiliwa upande wa pili. Kama kimechongwa kwenye fremu yenyewe, fremu mpya ni nafuu kuliko kuigeuza ya zamani.

Kwa vyovyote vile, geuza ulimi wa kitasa. Upande wake ulioinama ndio unaotakiwa kugusa fremu kwanza mlango unapofunga. Ukisahau, mlango utagonga na kurudi, na mtu ataanza kuchonga fremu akidhani imepinda. Vitasa vingi vya kuchimbia hufunguliwa bati la pembeni, ulimi ukavutwa nje kidogo, ukageuzwa na kurudishwa. Fanya hivyo kitasa kikiwa mezani, kabla ya kuchimba tundu lake.